Siku Thelathini za Vidonge vya Tulia

Jumanne, 24 Machi

Mufaddal amenipa daftari hili asubuhi pamoja na kopo la vidonge. Kila siku nimeze viwili na kila siku niandike ninavyojisikia, kwa siku thelathini.

"Mzee Fransis, wewe andika tu chochote. Ukilala vizuri, andika. Moyo ukitulia, andika. Mwisho wa siku tunatoa ushuhuda. Watu wanapenda ushuhuda."

Nimemuuliza kama nikijisikia vibaya niandike pia. Amecheka, akasema, "Mzee bana," akaenda zake kupokea simu.

Vidonge vinaitwa Tulia. Kopo ni la kijani, limechorwa jani ambalo sijawahi kuliona kwenye mti wowote. Lebo inasema vinaondoa msongo wa mawazo, hofu na kukosa usingizi, ni vya asili kwa asilimia mia, na havina madhara. Nina miaka thelathini na minne katika duka hili la dawa za asili hapa Temeke, ishirini na sita chini ya marehemu Zoeb na minane chini ya huyu mwanawe Mufaddal, na sijakutana bado na kitu kisicho na madhara. Hata maji yana madhara, waulize watu wa Jangwani wanaofurikiwa kila masika.

Nimefungua kidonge kimoja kiganjani. Pua yangu haijazeeka. Ni mlonge, tangawizi, na iliki kidogo ya kuzugia. Zamani vyote hivyo vilikuwa kwenye droo zetu za ukutani, na mke wa Zoeb, Mama Kulsumbai, alivifunga kwenye kipande cha gazeti huku anamuuliza mteja habari za watoto. Sasa vimevaa koti la plastiki, vimekuwa tiba ya stresi.

Nimemeza. Sijisikii chochote.

Jumatano, 25 Machi

Viwili. Masika yameanza kwetu Chanika. Sijisikii chochote.

Alhamisi, 26 Machi

Nimelala mpaka alfajiri, mara ya kwanza tangu mke wangu Anna afariki.

Ni mwaka na miezi minne. Kwa muda wote huo naamka saa nane, nageukia upande wake, nakumbuka, basi usingizi umekwisha. Leo nimeshtuka kumekucha.

Sababu naijua na ninaiandika hapa ili asije mtu akanisingizia. Mvua imepiga bati usiku kucha. Tulipooana tulipanga chumba Mtoni, bati lina tundu, na masika ya kwanza tuliweka sufuria juu ya kitanda katikati yetu. Mimi nilikasirika. Nilikuwa mgeni kutoka Masasi, mke ndiyo kwanza nimemleta, nilitaka anione mwanamume wa mjini. Anna yeye alilala chali akaanza kuimba sauti ya pili kufuata matone yanavyodondoka kwenye sufuria. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Tangu hapo mvua ya bati ikinyesha nalala, awepo asiwepo.

Kwa hiyo si kidonge. Ni bati.

Jumamosi, 28 Machi

Viwili. Mufaddal amelichukua daftari akasoma, akapiga picha mstari wa kwanza wa juzi. Nikamwambia soma na ya chini. Akasema amesoma.

Jumatatu, 30 Machi

Nimekuwa mtu maarufu. Nipo kwenye status ya duka na kwenye magrupu sijui mangapi. Wametumia picha yangu ya Krismasi, niliyovaa shati alilonishonea Anna, na chini yake maneno: "Nimelala mpaka alfajiri, mara ya kwanza tangu mke wangu afariki. Mzee Fransis, mtaalamu wa mitishamba kwa miaka 34."

Nikamwambia Mufaddal, "Mwanangu, na bati je?"

"Mzee, sie hatuuzi bati."

Nilicheka. Kijana huyu nilimbeba mabegani akiwa na miaka minne, tukienda kumnunulia miwa, na bado ananichekesha. Naandika kwamba nilicheka.

Alhamisi, 2 Aprili

Leo nimefungua duka saa moja na nusu na nimemkuta Mwalimu Felicitas amesimama mlangoni na mwavuli.

Mwalimu Felicitas ni jirani yangu Chanika. Yeye na Anna walisimama bega kwa bega kwenye kwaya miaka kumi na tisa, yeye sauti ya kwanza, Anna ya pili, na kwa sababu hiyo ananiita shemeji. Miaka mitano iliyopita aliugua sonona. Alikaa ndani miezi, hafundishi, haoni sababu ya kuoga. Anna ndiye aliyemshika mkono mpaka kliniki. Wakampa vidonge vya kila siku na akarudi kuwa mtu. Mimi haya yote nayajua.

"Shemeji, nimekuona kwenye simu. Nikasema kama ni Fransis amesema, basi ni kweli, maana wewe huna uongo. Nipe na mie hizo Tulia."

Nikamwambia, "Mwalimu, hii ni mlonge tu."

"Mlonge ndiyo naitaka. Vile vya hospitali vinanichosha, vinaninenepesha, na kila mwezi kliniki foleni. Hizi zina madhara?"

Mufaddal alikuwa kaunta, anasikiliza. Na Mwalimu alikuwa mteja wa kwanza wa siku.

Hapo lazima nieleze. Marehemu Zoeb alikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Mteja wa kwanza wa asubuhi hatoki mikono mitupu. Akitoka bila kununua, siku nzima imefungwa. Nimewahi kumwona anamkimbilia mtu barabarani na kandambili mguu mmoja, ili amuuzie kitu chochote afungue biashara. Miaka thelathini na minne sijamwachia mteja wa kwanza aondoke hivihivi, hata siku moja.

Nikasema, "Hizi hazina madhara."

Ni kweli, hazina. Nimempa makopo mawili, ameondoka anatabasamu.

Baadaye nikatafuta pa kukaa. Zamani pale mlangoni palikuwa na benchi la mninga. Wanawake wa Temeke walikaa pale na Mama Kulsumbai, wananywa chai yake ya tangawizi, wanalia wakitaka kulia, halafu wananunua habasoda ya kukunja kwenye gazeti na kwenda nyumbani wamepona. Mimi nilikuwa nyuma nasaga, nikisikia vicheko tu. Mufaddal ameliondoa benchi ili aweke kabati la vioo.

Jumapili, 5 Aprili. Pasaka

Viwili. Mwalimu ameimba vizuri. Nafasi ya Anna pembeni yake bado wanaiacha wazi, sijui kwa makusudi au kwa mazoea. Nilitazama pale misa nzima.

Jumatano, 8 Aprili

Viwili. Mvua. Sijisikii chochote.

Jumanne, 14 Aprili

Nimesahau kumeza tangu Jumamosi. Sijaona tofauti. Duka limeuza Tulia mpaka zimeisha, wameagiza zingine.

Jumapili, 19 Aprili

Mwalimu amenisubiri nje ya kanisa. Amependeza, amesuka nywele. Akaninong'oneza kama mtoto aliyeficha peremende.

"Shemeji, vya hospitali nimeviweka kando. Wiki ya tatu sasa, natumia zako tu. Sichoki tena, mwili mwepesi."

Nikauliza, "Daktari anajua?"

"Daktari wa nini, na wewe ulishaniambia hazina madhara?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema, nilikuuzia mlonge. Sikusema. Nilimtazama alivyochangamka nikajiuliza, na kama mimi ndiye mjinga? Labda kuna kitu ndani ya vile vidonge ambacho pua yangu haikijui. Labda uzee umenifanya nisiamini chochote kilichokuja baada ya magazeti ya kufungia dawa. Na kusema kweli, raha ya kusifiwa nayo ilikuwepo. Tangu Anna aondoke, hakuna mtu aliyeniambia nimemsaidia.

Leo nimemeza viwili kwa imani. Sijisikii chochote.

Jumapili, 26 Aprili

Mwalimu hakuja kanisani. Nikasema ni barabara. Kwa Chanika hii ya masika hata padri amekuja na matope magotini.

Jumatano, 29 Aprili

Mvua haijakatika siku ya nne. Nimempigia Mwalimu, hapokei.

Jumamosi, 2 Mei

Leo alasiri Mwalimu amekuja nyumbani, amelowa, hana mwavuli. Sikumtambua haraka. Amekonda usoni. Nikamkaribisha chai, akakataa kukaa.

"Nimekuletea hiki, shemeji. Kikae kwako."

Ni daftari la nyimbo la Anna. Nililitafuta mwaka mzima nikidhani lilipotea msibani, kumbe Anna alimwazima yeye. Mwandiko wake ule wa kulala, na pembeni kaandika kwa penseli "Felicitas punguza sauti." Nimelia mbele ya mgeni. Mwalimu hakulia. Alinitazama, akaniambia nimekuwa shemeji mzuri, akaondoka kwenye mvua.

Nimekaa na daftari mpaka giza likaingia. Nimesoma wimbo kwa wimbo, nimewasikia wote wawili. Sijapata zawadi kama hii tangu nizaliwe.

Jumapili, 3 Mei



Baada ya misa ya kwanza, binti wa Mwalimu, Herieth, alinifuata kunisalimia. Amekuja jana kutoka Goba anakofanya kazi, kwa kuwa simu ya mama haipokelewi.

"Shikamoo baba. Mama haendi kazini wiki mbili. Anasema amechoka tu. Ila leo ameamka vizuri, anagawa vitu."

"Anagawa nini?"

"Vitenge vyake amenipa vyote. Sare ya kwaya kampa Zubeda jirani, wala si Mkristo. Kuku kampa fundi. Nikasema labda anataka kupunguza mizigo ndani."

Na daftari la Anna kanipa mimi.

Nilimshika Herieth mkono tukaanza kukimbia, mimi na miaka yangu sitini na mitatu, viatu vya kanisani vinabaki kwenye tope. Njiani nikamweleza mama yake aliacha dawa lini na alizibadilisha na nini, na nani alimuuzia. Niliyasema yote huku natweta. Binti alikimbia mbele yangu.

Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Mwalimu alikuwa amekaa kitandani amevaa vizuri, mikono mapajani, nyumba imefagiwa. Hakushangaa kutuona. Herieth alipiga magoti akamkumbatia kiuno, naye akawa anampapasa kichwa, anatazama ukuta.

Nilikaa sakafuni. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi nilikudanganya. Nilikuuzia mlonge. Usingizi wangu ulikuwa bati. Niliandika, wakakata, nikanyamaza. Dawa yako ni ile ya hospitali. Twende."

Akasema polepole, "Shemeji, mie nimechoka. Nilitaka kuondoka bila kusumbua mtu."

"Tusumbue," nikasema. "Anna angekuvuta kwa nywele, unajua hilo."

Sijui kama alitabasamu au ni macho yangu. Ila alinyoosha mkono, nami nikaushika.

Bajaji ya kwanza ilikataa barabara. Ya pili ilikwama mara mbili, tukashuka tukaisukuma, mimi na Herieth, Mwalimu akiwa ndani na mkoba mapajani. Hospitali wamempokea. Wamemlaza. Herieth amebaki naye na hawamwachi peke yake.

Jumatatu, 4 Mei

Sikwenda dukani. Daktari, mama mmoja mpole, alinisikiliza hadithi yote. Nilimpa kopo akalinusa kama mimi nilivyolinusa.

"Baba, hiki hakikumdhuru. Kilichomdhuru ni kuacha vile alivyokuwa anatumia, tena ghafla. Mwanzoni mtu anaweza kujisikia yuko vizuri tu. Nawapata wengi, na wote wanasema waliambiwa haina madhara."

Nilitaka ardhi inimeze.

Sijameza vidonge na sitameza.

Jumamosi, 9 Mei

Nimekwenda Boko kumsalimia Mama Kulsumbai. Anaishi huko kwa mwanawe mwingine tangu miguu imkatae, duka hajaliona miaka mitatu. Alikuwa barazani na vazi lake la rida, la bluu bahari, anachambua iliki ambazo hakuna aliyemtuma kuzichambua. Harufu ile ilinirudisha nyuma miaka thelathini, nikawa kijana wa Masasi mwenye vumbi la dawa kwenye nyusi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Fransis. Umekonda. Nani anakupikia?"

Nikamwambia kila kitu. Alichambua iliki muda wote, hakunikatiza. Nilipofika kwenye sheria ya mteja wa kwanza, aliinua uso.

"Ngoja. Kwa hiyo wewe ulimpa dawa kwa sababu alikuwa wa kwanza?"

"Marehemu alisema hatoki mikono mitupu, Mama."

"Hatoki mikono mitupu, ndiyo. Nani alisema lazima apewe dawa? Fransis, ile droo ya chini kabisa, karibu na mlango, ilikuwa na nini?"

"Chumvi ya mawe."

"Na unafikiri ilikuwa ya nini kwenye duka la dawa? Akija mgonjwa wa hospitali asubuhi, wa kwanza, baba yake Mufaddal alimuuzia kipande cha chumvi. Biashara imefunguka. Halafu anamkalisha kwenye benchi, anamwambia, sasa mama, twende hospitali. Wengine aliwapeleka mwenyewe. Ulikuwa nyuma unasaga, hukuona?"

Sikuona. Miaka ishirini na sita nilijaza ile droo kila Jumamosi nikidhani ni chumvi ya mboga. Nilishika sheria ya mzee kwa uaminifu wote, nikashika nusu.

Mama Kulsumbai akaniwekea iliki mkononi, akanikunjia vidole juu yake. "Mpe Mufaddal asome hilo daftari lako," akasema. "Na mwambie mama yake amesema asome mpaka mwisho."

Jumatatu, 11 Mei

Nimempa. Ameliweka kwenye begi. Hakusema "Mzee bana."

Alhamisi, 14 Mei

Amenirudishia. Macho mekundu, akasema ni vumbi, na mvua yote hii.

"Mzee, bati lilikuwepo. Nililiona, nikalikata."

"Na mimi nilicheka," nikamwambia.

Picha yangu imetoka kwenye status. Amebandika karatasi kaunta, kwa mwandiko wake, kwamba anayetumia dawa za hospitali asiziache, aseme kwanza. Makopo bado yamo kwenye kioo, watu wanayataka, na kijana ana maisha yake ya kuendesha. Hatujakubaliana kuhusu hilo. Nimemwambia mimi sitayauza, akasema atayauza yeye, na tutaona nani atachoka kwanza.

Jumamosi, 23 Mei

Nimemkuta Mwalimu amekaa nje ya wodi kwenye jua. Vidonge vyake amevirudia. Amesema chakula cha hospitali hakina ladha. Herieth akanivuta pembeni akaniambia hilo ndilo lalamiko la kwanza alilotoa mama yake tangu alazwe, na akacheka huku anajifuta machozi.

Jumatano, 27 Mei

Nimeijaza ile droo ya chini. Benchi nimelikuta stoo, limeliwa na mchwa mguu mmoja. Nimeweka tofali.

Jumatano, 10 Juni

Masika yameisha. Siku ya tano bila tone.

Nimefungua duka saa moja na nusu. Mlangoni alikuwa Mwalimu Felicitas na Herieth. Ameruhusiwa juzi. Bado anatembea taratibu, na kliniki ni kila wiki, ila alikuwa na mkoba wake wa shule.

"Mie ni wa kwanza?"

"Wa kwanza, Mwalimu."

"Basi niuzie kitu."

Nikainama, nikafungua droo ya chini, nikamkunjia kipande cha chumvi kwenye gazeti, kona nne, kama Mama Kulsumbai. Mufaddal alikuwa kaunta anatazama. Mwalimu akakaa kwenye benchi, akageuza kile kifurushi mkononi.

"Shemeji, hii inatibu nini?"

"Haitibu chochote. Tia kwenye mboga."

Akacheka kwa ile sauti ya kwanza, ya juu, ambayo Anna alimwandikia aipunguze. Nilisimama pale mlangoni na hela yake mkononi, na sikutaka aipunguze.